Kuazimana Gari na Mambo ya Bima: Tuliyoyaona Bariadi

Wanachama wengi wamekwisha kupata khabari za safari yetu ya Bariadi, mwezi wa Agosti mwaka 2019, tulipokwenda kutazama maonyesho ya Nane Nane katika uwanja wa Nyakabindi. Khabari za mbegu, za mashine na za wakulima wa pamba tulizieleza tuliporudi. Lakini liko jambo moja ambalo hatukulisema, kwa kuwa wakati ule tuliliona ni jambo dogo la njiani, na tena lilitutia haya kidogo. Sasa msimu wa karafuu unakaribia, keri na pikapu zimeanza kuazimwa huku na huku, na kila siku twasikia mtu akimwambia mwenziwe, "Nipe ufunguo, narudi magharibi." Kwa hivyo twaona haifai kulinyamazia tena.

Kwa wasiopajua, Bariadi ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliokatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, nchi tambarare yenye pamba na ng'ombe, na jua lake kavu halina upepo wa bahari wa kulipunguza makali. Sisi tulikuwa watu wanne. Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda basi, na tulipofika viungo vilikuwa si vyetu. Mwenyeji wetu ni mtu wa Visiwani kama sisi, aliyekwenda huko miaka mingi kwa biashara, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na jina jema mjini. Wasukuma wanamwamkia kwa lugha yao naye anawajibu bila ya kusita, jambo ambalo lilitufurahisha sana.

Nyakabindi iko nje ya mji, kwenye barabara iendayo Lamadi, nasi tulitaka pia kufika Lamadi kwenyewe, kama kilomita 70, tukalione ziwa. Mwenyeji wetu ana gari ya watu saba. Usiku wa kwanza, baada ya chakula, alituambia mwenyewe, "Gari ipo, ndugu zangu, msihangaike na daladala." Mmoja wetu alikuwa na leseni ya Bara, maana aliwahi kukaa Dar es Salaam. Asubuhi akanyosha mkono kupokea ufunguo. Mwenyeji wetu akautia mfukoni.

"Kwanza twende kwa wakala wa bima," akasema. "Dukani pake ni karibu."

Tukatazamana. Kwa adabu ya kwetu, mtu akikupa kitu kwa moyo mmoja hakupeleki kwanza ofisini. Mwenzetu mwenye leseni aliudhika, akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda ikawa bora tupande daladala. Mwenyeji alisikia, lakini hakukasirika. Akatuketisha tena barazani, akaagiza chai ya pili, akatueleza kisa chake. Nasi twakieleza hapa kwa ruhusa yake, bila ya kutaja majina.

Miaka mitatu kabla ya safari yetu alikuwa na gari nyingine, nayo aliikatia bima kubwa. Rafiki yake mmoja, mtu waliyekuwa wakila pamoja, akamwomba gari kwa siku moja ampeleke mama yake kwa jamaa. Akampa. Rafiki alimpeleka mama kweli. Lakini jioni, kwa uchovu, alimpa ufunguo mpwa wake airudishe gari mjini. Mpwa hakuwa na leseni. Njiani ikawa ni siku ya mnada wa ng'ombe, watu wamejaa kando ya barabara wakitafuta usafiri, naye akaona hasara kupita na viti vitupu. Akapakia, akatoza nauli. Kabla ya kuingia mjini akamgonga mtoto wa kiume aliyekuwa juu ya baiskeli.

Mtoto hakufa, alhamdulillahi, ila mguu ulivunjika mahali pawili, akapelekwa mpaka Bugando, Mwanza. Gari ilipinduka, ikawa haifai tena. Mwenyeji wetu akaenda kwa kampuni yake ya bima akiwa na matumaini yote, maana alikuwa amelipa bima kubwa, si ndogo, na hakupata kuchelewesha malipo hata mwaka mmoja. Kampuni ikamsikiliza, ikaleta mtu wa kuchunguza, kisha ikamwandikia barua fupi. Barua ilisema kwamba dereva hakuwa na leseni, kwamba dereva hakuwa na ruhusa ya mwenye gari, na kwamba gari iliandikishwa kwa matumizi ya nyumbani nayo ilikuwa ikibeba abiria wa nauli. Hailipi.

"Nilitaka kugombana nao," alituambia, "nikaisoma hati yangu kwa mara ya kwanza tangu nilipoikata. Yote yalikuwamo."

Wazee wa pande mbili walikaa. Aliuza kiwanja alichokuwa amekiweka kwa ajili ya nyumba ya mwanawe, akalipa matibabu na fidia. Mtoto siku hizi ni kijana, anachechemea. Rafiki alihamia Kahama, na mpaka leo salamu hakuna. Hapo mwenzetu mwenye leseni akasema, "Basi twende kwa wakala."

*

Wakala alikuwa bibi mmoja mpole mwenye miwani, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye feni. Alitufundisha mengi kwa muda wa nusu saa kuliko tuliyoyajua kwa miaka yote ya kumiliki vyombo vya moto.

Alianza na sheria. Huko Bara iko Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ambayo asili yake ni ya tangu enzi za Mwingereza, na Waingereza wenyewe walianza kulazimisha bima ya namna hii kwao mwaka 1930. Sheria hiyo inakataza mtu kuiendesha gari barabarani bila ya bima ya kuwalinda watu wengine, na inakataza vile vile kumruhusu mtu mwingine aiendeshe gari isiyo na bima hiyo. Neno hilo la kumruhusu ndilo alilolitilia mkazo. Mwenye gari aliyelala kitandani kwake, gari iko maili arobaini, anaweza kuwa na kosa kwa sababu tu alitoa ufunguo. Kwetu Visiwani nako bima ya mtu wa tatu ni lazima, kwa hivyo asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya Bara.

Kisha akachukua hati ya mwenyeji wetu, akaiweka mezani, akatuonyesha kwa kidole mahali pa kusoma. Kwanza ni pale panapoandikwa nani ana haki ya kuendesha. Katika hati nyingi utakuta mwenye gari mwenyewe, na mtu mwingine yeyote anayeendesha kwa amri yake au kwa ruhusa yake, maadamu ana leseni halali ya aina ile ya gari. Maana yake ni kwamba kwa kawaida bima huifuata gari, na rafiki uliyemruhusu yumo ndani yake. Lakini hati nyingine, khasa zilizokatwa kwa bei nafuu, humtaja dereva mmoja au wawili kwa majina, na mwingine yeyote akiendesha hayumo. Ziko pia ambazo humkubali kijana, au mtu ambaye leseni yake ni mpya, kwa sharti kwamba likitokea la kutokea mwenye gari atabeba mwenyewe sehemu kubwa zaidi ya hasara kabla kampuni haijaanza kulipa.

Na ruhusa, alisema, haipokezwi. Ukimpa Ali, umempa Ali. Ali akimpa mpwa wake, mpwa hana ruhusa yako. Tulipolisikia hili tuliwakumbuka wanachama wengi ambao gari zao hutoka nyumbani kwa mtu mmoja na kurudi kwa mtu wa tatu au wa nne, na mwenye gari hushukuru tu kuiona imerudi.

Pahala pa pili pa kusoma ni pale panapotaja matumizi. Gari ya nyumbani ni ya nyumbani, kwenda sokoni, kazini, harusini, msibani. Ikitoza nauli au ikikodishwa kwa malipo, imetoka katika mkataba. Hapo tuliuliza swali ambalo twajua nanyi mngeliuliza: je, marafiki wakichangia mafuta? Bibi alicheka, akasema kuchangia mafuta baina ya watu wanaosafiri pamoja si sawa na biashara, lakini akatuonya kwamba mpaka wake ni mwembamba, na kwamba baada ya ajali abiria akiulizwa na askari "Ulilipa?" hujibu "Ndiyo, elfu mbili," na mchunguzi wa kampuni hulichukua neno hilo hivyo hivyo. Ukiwa na shaka, mwenye gari ajaze mafuta mwenyewe, au mwazimaji ajaze peke yake.

Pahala pa tatu ni tarehe na mipaka ya nchi. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kupanga moyoni kwamba tukifika Lamadi tupinde kulia, tupite Musoma na Tarime, tutie mguu Kenya kwa Sirari, tupate la kusimulia. Bibi alimkata kauli mara moja. Bima ya Tanzania peke yake haivuki mpaka. Kwa nchi za jirani kama Kenya hutakiwa Kadi ya Njano ya COMESA, nayo gari ile haikuwa nayo. Basi safari ya Kenya ikafia pale pale ofisini.

Tulimwuliza tofauti ya bima ndogo na bima kubwa, maana wengi wetu tunazo bima ndogo tu, na twadhani tumekingwa. Bima ndogo humlipa mtu wa nje aliyeumizwa au aliyeharibiwa mali na gari yako. Gari yako wewe hailipwi hata taa. Kwa gari ndogo ya nyumbani, siku zile upande wa Bara, bima ndogo ilikuwa shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na kodi. Bima kubwa hukadiriwa kwa thamani ya gari. Bibi alitupigia hesabu ya gari ya milioni 12 kwa asilimia 3.5, ikatoka 420,000, na kodi ya asilimia 18 juu yake, jumla 495,600. Tofauti ni kubwa, hatukatai. Lakini mwenye bima ndogo anayeazimisha gari lazima ajue kwamba gari ikipinduka, hakuna kampuni yoyote baina yake na rafiki yake. Wamebaki wao wawili.

Jambo hili lilizusha mazungumzo marefu njiani, kwani katika sisi wanne alikuwamo mwalimu wa chuoni. Alitukumbusha kwamba kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kitu cha kuazimwa kiko katika dhamana ya aliyekiazima. Kikiharibika mkononi mwake kwa jambo lisilokuwa matumizi yaliyoruhusiwa hukilipa, hata kama hakufanya uzembe. Ila kikichakaa kwa matumizi yale yale yaliyoruhusiwa, halipi. Kwa hivyo yule asemaye "bahati mbaya, tufanyeje" hana pa kusimama, si kwa kampuni wala kwa kadhi. Sisi twaliona hili ni jema kulijua kabla ya kunyosha mkono kuomba ufunguo wa mtu.

*

Mwenyeji wetu hakuandikiana nasi mkataba wa kurasa kumi. Alichukua karatasi ya daftari, akaandika jina la mwenzetu, namba ya leseni yake, namba ya gari, siku tatu tulizoruhusiwa, na kwamba gari ni ya kwenda Nyakabindi na Lamadi na kurudi, hairuhusiwi kupewa dereva mwingine wala kubeba abiria wa malipo. Chini yake akaandika kwamba hasara yoyote ambayo bima haitailipa itakuwa juu ya mwazimaji. Wote wawili wakatia saini, na bibi wakala akapiga picha karatasi ile kwa simu yake. Kazi nzima haikuchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Aliongeza pia neno moja la kinywa: bima yake ina punguzo kwa mwaka ambao hakudai kitu, na sisi tukigonga hata ukuta wa mtu, punguzo hilo huenda likapotea, kwa hivyo tukione kioo cha nyuma kuwa ni mali.

Tukaondoka. Twakiri kwamba mwenzetu aliendesha kwa uangalifu ambao hatukupata kuuona kwake kabla wala baada. Njia ya Lamadi ni nzuri, lakini ng'ombe hawajui lami. Kundi zima lilikata barabara mbele yetu, na kijana mchungaji nyuma yake hakuharakisha hata hatua moja. Tulisimama, tukangoja, na kila mmoja wetu akawa anamfikiri yule mtoto wa baiskeli bila ya kumtaja.

Njiani tulizungumza pia nini la kufanya endapo tungegonga. Bibi alikwisha kutueleza. Kwanza ni kumhudumia aliyeumia na kuita polisi. Majeruhi hupewa fomu ya PF3 ili atibiwe na jambo liandikwe. Kisha mwenye gari aarifiwe saa ile ile, naye aiarifu kampuni, kwani kuchelewa ni mojawapo ya sababu ambazo kampuni hupenda kuzishika. Na jambo ambalo kwetu ni gumu: usiahidi kulipa wala usikiri kosa pale barabarani kabla ya kampuni kujua, maana hati nyingi zinakataza. Mwalimu wetu alilipinga sana hili, akasema mtu hawezi kusimama juu ya mwenziwe aliyelala chini akamwambia "ngoja kampuni." Tulikubaliana hivi: kutoa pole si kukiri kosa, kumpeleka mtu hospitali si kukiri kosa, na kumlipia dawa ya kwanza ni ubinadamu. Kinachongoja kampuni ni maneno ya nani mwenye makosa na atalipa kiasi gani.

Sasa turudi kwetu shambani. Wakati wa mavuno, keri moja hufanya kazi ya watu kumi. Asubuhi imebeba wachumaji, mchana magunia ya karafuu mbichi, jioni karafuu kavu kwenda kituoni kuuzwa, na usiku imekwenda harusini. Mwenye gari hajui nani yuko nyuma ya usukani. Wachumaji hukaa juu ya magunia, wengine wameshika kamba, watoto wamo. Gari ya mizigo iliyokatiwa bima kwa mizigo na watu wawili mbele haikuwakatia bima watu kumi na wawili walio juu. Mkipenda mshike hati zenu leo usiku mzisome, mtaona idadi ya viti imeandikwa. Hatusemi haya kwa kuwatisha; twasema kwa kuwa hatujamkuta mwanachama hata mmoja aliyetwambia kwamba ameisoma hati yake kabla hatujamwuliza.

Tena, kama gari yako hufanya kazi ya kuwachukulia jirani karafuu kwa malipo, hata malipo madogo, mwambie wakala wako ukweli huo. Bima ya biashara ni ghali zaidi, lakini bima ya bei ndogo iliyokatwa kwa maneno yasiyokuwa ya kweli haina thamani siku unapoihitaji. Na ukitaka kumwazima mtu gari kwa msimu mzima, si kwa siku mbili, mtake wakala amwandike katika mkataba, na upewe karatasi. Neno la wakala dukani si mkataba. Hili alitwambia wakala mwenyewe, naye tunamheshimu kwa kulisema.

Kwa upande wa kuhakikisha bima ya gari unayoiazima, siku zile za safari yetu stika ya karatasi ilikuwa kwenye kioo, na karatasi huweza kughushiwa. Siku hizi kumbukumbu za bima huwekwa katika mtambo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na unaweza kuuliza kwa namba ya gari ukaambiwa kama bima ipo na inakwisha lini. Mwazimaji afanye hivyo kabla ya kuwasha gari, wala mwenye gari asione amedharauliwa. Na anayeona kampuni imemdhulumu asikae na kinyongo tu. Iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mwenyeji wetu hakwenda huko, kwa kuwa alipoisoma hati yake aliona hana la kusema.

Katibu ameombwa apige chapa karatasi fupi za maafikiano mfano wa ile ya Bariadi, na mwanachama anayetaka aje ofisini kuchukua. Mahali pa majina, namba na siku pameachwa wazi.

Tulirudisha gari siku ya tatu jioni, tangi limejaa. Mwenyeji wetu akatoka na kurunzi, akaizunguka polepole, akainama kutazama bampa, akapitisha kidole kwenye mlango wa nyuma mahali palipokuwa na mchubuko, akamwita mkewe amwulize kama mchubuko ule ulikuwapo. Mkewe akasema ni wa zamani, aliufanya yeye mwenyewe getini. Hapo mwenyeji akacheka, akaichana ile karatasi ya daftari vipande viwili, akatukaribisha ndani kula.